Mchanga Kati ya Kurasa

Julai, ufukwe wa Ziwa Michigan,
maji yasiyo na chumvi yanajifanya bahari,
na mimi, Berdena, miaka sitini na minane,
nimechimbia miguu ya kiti mchangani
nikafungua kitabu chenye jalada la waridi:
uzio mweupe, baiskeli yenye kapu la maua,
na kwa mbali mnara wa kanisa, mdogo kama njiti ya kiberiti.

Nimekiazima maktaba ya kanisa,
rafu ya chini, karibu na birika la kahawa,
ambako Trudie hugonga muhuri wa tarehe
kana kwamba anaua nzi.
"Hiki kizuri," alininong'oneza. "Yumo seremala."

Ah, seremala!
Ukurasa wa tatu mjane anarithi duka la mikate,
wa kumi na moja paa linavuja,
wa kumi na mbili, hodi,
mwanamume mwenye ngazi begani na huzuni machoni.
Nani asiyejua?
Watabusiana mara moja tu, ukurasa wa mia tatu na sita,
pete ikiwa imeshatoka mfukoni, mlango ukiwa wazi.
Najua, kama ninavyojua kwamba baada ya Amina ni kahawa.

Chini ya mwavuli binti yangu Lynae,
mwalimu wa chuo, amekuja jana kutoka Chicago
na kitabu kizito kama tofali.
Humo wanakufa wote, polepole, na mvua inanyesha.
"Mama," anasema bila kuvua miwani,
"unasomaje kitu ambacho mwisho wake unaujua?"

Nikahamisha peremende shavu hadi shavu.
Ningemwambia:
mwaka ule baba yako alipolazwa, wiki kumi na tisa,
kila mlango uliofunguka ulimleta daktari,
na hakuna aliyeujua ukurasa wetu wa mwisho.
Nilivisoma hivi kwenye kiti cha plastiki,
kimoja baada ya kingine, kama mtu alaye mkate mkavu,
si kwa utamu, kwa kushikiza roho.
Mahali fulani, nilijiambia, paa linazibwa.
Mahali fulani mtu anaomba radhi kabla jua halijachwa.

Lakini ufukweni hapasemwi hayo.
Watoto wanapita na ndoo, shakwe kaiba chipsi,
mafuta ya jua yameacha dole gumba langu
juu kabisa ya neno "neema".
Nikasema tu: "Pasaka nayo unajua inavyoisha,
na kila mwaka unakuja."
Akacheka kwa pua. Akarudi kwenye mvua yake.

Saa nane niliingia majini hadi magotini,
nikapiga yowe, nikatoka.
Kiti kipo. Kitabu hakipo.
Lynae kalala kifudifudi, nyayo hewani
kama alipokuwa na miaka kumi na miwili;
tofali lake limekalia taulo lisipeperuke,
na ule uwaridi uko mikononi mwake.

"Huyu mjane," akafoka, "haoni?
Paa limezibwa tangu Jumanne,
na ngazi bado imeegemea dukani!"
"Usiniambie. Sijafika huko."
"Mama, unajua."
"Najua. Usiniambie."

Nikakaa mchangani, mikono mitupu,
nikilitazama ziwa lisiloonyesha ng'ambo,
na kwa mara ya kwanza kiangazi kile
sikuwa na cha kusoma, wala haja nacho.

Agosti nikakirudisha, siku tatu baada ya tarehe.
Trudie akakifunua, muhuri juu,
mchanga ukamwagika mezani.
"Faini senti thelathini," akasema.
"Na huu je? Nikung'ute?"
"Uliobaki acha uwemo," nikamwambia.
"Atakayefuata ataukuta
ukurasa wa mia tatu na sita."